Abiria Anapochanganyikiwa Garini: Haki Yako ya Kujilinda na Mahali Inapoishia

Chukulia kwamba umepanda Hiace itokayo Nkwenda, wilayani Kyerwa, kuja Kayanga. Gari limejaa, mikungu ya ndizi imefungwa juu, na kondakta amesimama mlangoni. Kijana aliyeketi kiti cha nyuma anaanza kuzungumza peke yake. Kwanza anasema kwa sauti ya chini, kisha kwa ukali. Anainuka, kichwa kikigusa paa, na kutangaza kwamba dereva anawapeleka watu kwenda kuuawa. Anapiga kioo kwa kiganja. Mama mwenye mtoto mgongoni anapiga ukelele. Mwanamume mmoja anamkaba kijana yule shingo kwa nyuma, wengine wawili wanamlaza chini na kumkalia mgongoni, na kondakta anaamuru, "Mshikeni hivyo hivyo mpaka polisi Kayanga."

Mfano huu tumeutunga, na haumhusu mtu yeyote wala gari lolote. Hata hivyo, msomaji wa Karagwe au Kyerwa anayesafiri mara kwa mara atakiri kwamba si mgeni kwake. Tumeuweka mwanzoni kwa sababu watumiaji wa huduma hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: abiria mwenzangu akipandwa na ugonjwa wa akili ndani ya gari, nina haki gani? Makala haya yanajibu swali hilo. Yanajibu pia swali la pili ambalo ni wachache wanaolileta kwetu, nalo ni haki za yule kijana. Yeye naye amelipa nauli.

Sheria inakupa nini

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mtu mwingine, na kulinda mali dhidi ya tendo lisilo halali. Haki hiyo haipotei kwa sababu anayekushambulia ni mgonjwa. Pigo la mtu asiyejitambua huumiza sawasawa na pigo la mtu mwenye akili timamu, na sheria haikutaki uketi na kupokea.

Lakini sheria hiyo hiyo imeweka kipimo. Nguvu unayoruhusiwa kutumia ni ile ya kadiri, yaani inayohitajika kuuzuia ule ubaya na si zaidi. Anayezidisha hubeba dhamana ya jinai kwa madhara yanayotokana na nguvu aliyoizidisha. Kipimo hiki kina pande mbili, na wengi hukumbuka upande mmoja tu. Upande wa kwanza ni ukubwa wa nguvu: huwezi kumjibu kwa rungu mtu aliyekusukuma kwa kiwiko. Upande wa pili ni muda. Haki ya kujilinda huanza hatari inapokuwapo na hukoma hatari inapokoma. Mtu aliyekwisha kudhibitiwa, aliyelala chini, asiyeweza tena kukufikia, si hatari kwako kwa dakika ile. Kila pigo linalofuata baada ya hapo halina jina la kujilinda.

Maneno pekee, hata yawe ya kutisha au machafu kiasi gani, hayampi abiria ruhusa ya kupiga. Kuzungumza peke yako si kosa. Kunuka, kucheka ovyo, kuimba, kukataa kunyamaza, kusema kwamba umetumwa na Mungu: yote haya yanaweza kuwaudhi abiria, lakini hayamgeuzi mtu kuwa mshambuliaji.

Raia anaweza pia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaruhusu hilo, kwa sharti kwamba mtu huyo akabidhiwe kwa polisi bila kucheleweshwa na bila kutumia nguvu kupita inavyohitajika. Kukamata si kuadhibu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Sembuse aliyeshtakiwa na abiria wenzake kwa dakika mbili ndani ya Hiace.

Kwa upande wa mgonjwa, Kanuni ya Adhabu inatamka kwamba mtu ambaye, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuweza kuelewa anachokitenda au kujua kwamba hakupaswa kukitenda, hana hatia ya jinai kwa tendo hilo. Nayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumfikisha matibabuni mtu aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, hata pale ambapo hawezi kutoa ridhaa. Utaratibu huo hauna nafasi ya viboko.

Sasa turudi kwenye gari letu. Kijana alipopiga kioo akitaka kutoka, kumshika mikono asijikate na asimwangukie mama mwenye mtoto kulikuwa halali. Kumkaba shingo kulikuwa tayari kumevuka mpaka, kwa kuwa hakuwa amemshambulia mtu. Na kumkalia mgongoni "mpaka polisi Kayanga" ni jambo linaloweza kuishia kwenye shitaka la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Agizo la kondakta halimkingi aliyekalia. Linamwingiza kondakta mwenyewe katika kosa.

Dakika chache za shingo

Tuna sababu ya kusisitiza shingo na mgongo. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hupita kando ya koo. Ikibanwa pande zote mbili, mtu mzima anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10, na ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache. Mtu aliyelazwa kifudifudi huku mwingine amemkalia hawezi kutanua kifua. Atafurukuta, na wanaomshika watadhani anaongeza ukaidi, kumbe anatafuta pumzi. Kisha atatulia. Wao watasema, "Ametulia sasa," na huenda huo ndio wakati wenyewe wa kufa.

Dunia ilijadili jambo hili kwa kirefu miaka michache iliyopita. Tarehe 1 Mei 2023, katika treni ya chini ya ardhi jijini New York, Marekani, mtu wa miaka 30 aitwaye Jordan Neely, asiye na makazi na mwenye historia ya ugonjwa wa akili, alipanda behewa akipaza sauti kwamba ana njaa na kiu na kwamba hajali kufungwa wala kufa. Abiria mmoja, Daniel Penny, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alimkaba shingo kutoka nyuma na kumwangusha sakafuni. Aliendelea kumshikilia kwa dakika kadhaa, hata baada ya treni kusimama kituoni na milango kufunguliwa. Neely alifariki. Daktari wa jiji aliyechunguza mwili alitamka kwamba kilichomuua ni kukabwa shingo. Upande wa utetezi ulipinga. Baadhi ya abiria walieleza mahakamani kwamba waliogopa sana siku ile. Desemba 2024 raia walioketi kuamua shauri hilo walimwona Penny hana hatia.

Hatutajadili uamuzi ule, uliotolewa kwa sheria za nchi nyingine. Tunachotaka msomaji akione ni ile milango iliyofunguka. Treni ilikwisha kusimama, na aliyeogopa alikuwa na pa kutokea. Katika gari la abiria la Karagwe, mlango ni kinga bora kuliko mkono wowote wenye nguvu. Dereva akisimamisha gari mahali salama na mlango ukafunguliwa, mara nyingi mwenye kuchanganyikiwa atateremka mwenyewe, au wengine watateremka na kumpa nafasi. Watu wengi wanaopandwa na hofu ya ugonjwa hawataki kupigana na abiria. Wanachotaka ni kutoka.

Huenda si ugonjwa unaoudhani

Neno "chizi" husemwa upesi stendi. Linafunika hali nyingi zisizofanana, na kila hali ina msaada wake.

Mwenye kifafa, baada ya degedege kuisha, hukaa dakika kadhaa akiwa amepotewa. Anaweza kutembea ovyo, kuvua nguo, kumsukuma anayemshika. Huyo hashambulii, ila hajarudi tu. Usimtie kijiko mdomoni wala usimbane viungo. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, na uangalie saa. Degedege likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajazinduka, gari lielekee kituo cha afya kilicho karibu.

Mgonjwa wa kisukari aliyetumia dawa bila kula, sukari ikishuka, hutoka jasho, hutetemeka, huongea maneno yasiyoeleweka na anaweza kuwa mkali. Watu humdhania mlevi. Ikiwa bado anaweza kumeza, soda yenye sukari inaweza kumrudisha ndani ya robo saa, na soda haikosekani katika kituo chochote kati ya Kihanga na Omurushaka.

Kuna malaria kali inayofika kwenye ubongo, ile ambayo wazee husema "imepanda kichwani". Mtu mwenye homa anayeanza kuweweseka mchana kweupe anahitaji hospitali saa ile ile. Kuna na pombe. Mkoa wetu una rubisi na una konyagi ya ndizi, na kila mtu anajua sura ya mlevi. Wachache wanajua sura ya mlevi aliyeacha ghafla: siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anaona wadudu wasiokuwapo, anamwogopa kila mtu. Hali hiyo inaweza kuua.

Na upo ugonjwa wa akili wenyewe, ambao mtu husikia sauti wengine wasizozisikia, au huamini kwamba anafuatwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili la aina moja au nyingine. Wengi wao wanapanda magari haya haya kila siku bila mtu kujua. Walio wakali ni wachache, na tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba mgonjwa wa akili yumo katika hatari zaidi ya kudhuriwa kuliko ya kudhuru.

Hatusemi haya ili abiria awe daktari. Tunasema kwa sababu kipigo si tiba ya hata moja kati ya hali hizo.

Cha kufanya ndani ya gari

Azungumze mtu mmoja. Gari zima likipiga kelele, mwenye kusikia sauti anaongezewa sauti nyingine kumi. Mara nyingi anayefaa ni mama wa makamo au mzee, asiye na ubabe, na akiweza kusema Kinyambo au lugha yoyote ya nyumbani kwa mgonjwa ni bora zaidi. Aseme polepole, sentensi fupi, kwa jina kama analijua, na kama halijui basi kwa heshima ya kawaida: kaka, mwanangu, baba. "Kaka, naona umeogopa. Gari litasimama. Hakuna atakayekugusa." Asibishane naye kuhusu hizo sauti wala asijifanye kuzisikia. Asimwahidi jambo ambalo halitatimizwa.

Walio karibu naye wasogee kama nafasi ipo, na wasimzunguke. Tunajua Hiace haina nafasi ya kusogea. Ndiyo maana kusimamisha gari kunatangulia. Watoto wapelekwe mbele. Chochote chenye makali, pamoja na panga zinazosafirishwa kwenda shambani, kifichwe chini ya viti bila kutangazwa.

Simu zirudi mifukoni, isipokuwa ya anayepiga 112 kuita polisi. Kumpiga picha mtu aliyepotewa na akili na kuisambaza kwenye makundi ya simu ni udhalilishaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na mgonjwa atakapopona, picha ile bado itakuwa inazunguka Kayanga nzima.

Ikiwa amemshambulia mtu na hakuna njia isipokuwa kumshika, ashikwe na watu wachache waliokubaliana. Washike mikono na miguu, juu kidogo ya viungo. Awe ameketi au amelala chali au kwa ubavu, kamwe asilale kifudifudi. Pasiwe na mkono shingoni wala goti kifuani. Mmoja asishike chochote. Kazi yake iwe kutazama uso na pumzi na kusema, "Mwachieni kidogo," mara tu mgonjwa anapolegea. Akisema hapumui, muaminini na mwachieni mara hiyo. Watu waliokufa mikononi mwa waliowashika wamewahi kusema hivyo, wakapuuzwa kwa hoja kwamba anayeweza kusema anaweza kupumua. Hoja hiyo ni ya uongo.

Wajibu wa dereva na kondakta

Leseni ya kusafirisha abiria ni dhamana. Dereva anapoona vurugu kwenye kioo, wajibu wake wa kwanza ni kupunguza mwendo na kusimama mahali salama, si kuongeza mwendo ili "tufike haraka". Mahali salama maana yake ni pale penye watu na msaada: kituo kikubwa, zahanati, ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata, kituo cha polisi.

Kumteremsha mgonjwa porini si kusimama salama. Barabara ya kutoka Bugene kwenda Kasulo wilayani Ngara hupita eneo la pori la Kimisi, ambalo tangu mwaka 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Watu wa umri wa wazazi wetu wanakumbuka wakati magari ya njia za huko yalipokuwa yakisindikizwa na askari kwa sababu ya ujambazi, na tunadhani kumbukumbu hiyo bado inachangia upesi wa abiria kumshuku kila mtu anayeinuka ghafla kwenye kiti. Lakini mtu asiyejitambua aliyeachwa pale saa moja jioni hana ulinzi wowote. Abiria mkishuhudia hilo, mna haki ya kumtaka dereva asimame na mna haki ya kutoa taarifa. Mabasi ya masafa marefu hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, kwa hiyo saa na mahali basi liliposimama panaweza kuthibitishwa hata kama wahudumu watakana.

Kwa bodaboda ushauri ni mfupi: dereva anayehisi abiria wake ameanza kuchanganyikiwa asimame, azime pikipiki, atoe ufunguo, kisha ndipo azungumze.

Unapomsafirisha ndugu yako

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo zaidi, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawa hawako safarini peke yao. Wanapelekwa na ndugu kutoka vijiji vya Kyerwa na Karagwe kwenda Hospitali ya Nyakahanga, jirani na Kayanga, au kwa rufaa kwenda Bukoba, Bugando jijini Mwanza, na wengine hata Mirembe, Dodoma. Familia hizi hufika stendi zikiwa zimechoka, zimekesha, na mara nyingi zina aibu isiyo na sababu. Hukataliwa na gari la kwanza na la pili. La tatu huwachukua kwa nauli mara mbili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inajumuisha ulemavu wa akili na inakataza ubaguzi. Kwa maoni yetu mtoa huduma hawezi kumkataa mtu kwa sababu tu ana ugonjwa wa akili. Anaweza kukataa au kuahirisha kumchukua abiria yeyote ambaye kwa wakati ule anahatarisha gari waziwazi, awe mgonjwa au mlevi. Kati ya mambo hayo mawili kuna tofauti, na kondakta anapaswa kuijua. Ama nauli, ni ile ile iliyoidhinishwa. Hakuna nauli ya usumbufu. Ukilipia kiti kimoja cha mgonjwa umelipa kiti kimoja. Kama umependa kukodi kiti cha jirani kibaki wazi, hilo ni chaguo lako na lionekane kwenye tiketi.

Wewe nawe una wajibu. Mweleze kondakta faraghani kabla gari halijaondoka. Ndugu wengi huficha wakihofia kukataliwa, na tunaielewa hofu yao, lakini kondakta aliyeambiwa mapema atakuwa upande wako mambo yakiharibika, na aliyefichwa atakuwa wa kwanza kupiga kelele. Panda gari la asubuhi, mgonjwa akiwa amekula na ametumia dawa zake kama alivyoelekezwa. Mweke katikati ya watu wawili anaowaamini, mbali na mlango na si nyuma ya dereva. Beba cheti cha kliniki au barua ya rufaa, kwa kuwa karatasi hiyo hutuliza abiria na askari wa barabarani kuliko maelezo marefu.

Usimfunge kamba. Tunajua watu hufanya hivyo kwa upendo na kwa kukosa njia. Lakini kamba iliyokazwa huzuia damu kwenye viganja, na gari likifunga breki ghafla aliyefungwa hana mikono ya kujikinga. Zaidi ya hayo, mtu aliyefungwa hugeuka kuwa mhalifu machoni mwa abiria wote. Usimpe pombe wala vidonge vya usingizi ulivyonunua dukani. Kama hawezi kusafiri bila kutulizwa, aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe dawa na mhudumu aliyesomea, na hapo ndipo iulizwe habari ya gari la wagonjwa. Maswali ya afya yanaweza pia kuulizwa kwa simu namba 199 ya Wizara ya Afya.

Wapo wanaomweka mgonjwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na ndugu anayemshika kwa nyuma. Huo ni mshikaki, unakatazwa, na kwa mgonjwa ni hatari maradufu. Kwa barabara za vumbi zinazoshuka milima ya Kyerwa, ni afadhali kungojea gari hadi kesho yake kama hali inaruhusu.

Stendi, na neno "mwizi"

Tukio baya zaidi huenda lisitokee garini kabisa. Mtu aliyepotewa na akili anateremka, anachukua begi lisilo lake kwa kuwa anaamini ni lake, na sauti moja inaita, "Mwizi!" Sekunde chache baadaye hakuna tena anayeuliza. Magazeti huwaita waliopiga "wananchi wenye hasira kali", jina ambalo sisi tungependa liachwe, maana linawafunika watu wenye majina yao wenyewe.

Kwa sheria hakuna kosa la umati. Kila aliyeshika jiwe, aliyeleta tairi, aliyehimiza wenzake kwa sauti, anaweza kushtakiwa kama mtendaji. Kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu, nayo ni kunyongwa hadi kufa. Haki ya kulinda mali, tuliyoitaja mwanzoni, inakuruhusu kulishika begi lako na kulirudisha. Inaishia hapo.

Ukimtambua aliyezingirwa kuwa ni mgonjwa, liseme hilo kwa sauti kubwa na mara nyingi: "Huyu ni mgonjwa, namfahamu, ndugu zake wapo." Usijitie katikati peke yako. Waite madereva wa bodaboda wa kijiwe, wenye stendi, mgambo, na upige 112. Begi likirudi mkononi mwa mwenyewe, mpe mwenye begi nafasi ya kutangaza kwamba amelipata. Kauli yake ina uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote pale.

Jinsi ya kulalamika

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, ndiyo inayopokea malalamiko dhidi ya watoa huduma za mabasi, daladala na bodaboda. Anza kwa mmiliki wa gari au ofisi ya kampuni, kisha njoo kwa Mamlaka kama hukuridhika. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Malalamiko dhidi ya abiria mwenzako, au ya mtu aliyepigwa, ni ya polisi. Aliyeumizwa achukue fomu ya PF3 kituoni kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Mgonjwa wa akili aliyepigwa ana haki ya fomu hiyo kama mtu mwingine yeyote, na ndugu anaweza kumsemea.

Andika namba ya usajili wa gari, njia, tarehe na saa. Mahali ulipopandia na pale tukio lilipotokea. Maneno ya kondakta kama uliyasikia mwenyewe. Hifadhi tiketi. Kama ulikuwa shahidi na si mhusika, taarifa yako bado inapokewa, na kwa mambo ya namna hii huwa ndiyo taarifa pekee tunayoipata, kwa sababu yule aliyetendewa mara nyingi hakumbuki alipanda gari gani.